Nane ya Nani?

Mmeniomba, ninyi mliochukua nafasi yangu, niwaandikie namna ya kufanya kazi ya kaunta. Nimekaa wiki mbili na kalamu mkononi, na kila nikianza najikuta naandika namna ya kuiogopa. Basi na iwe hivyo. Habari za mshahara naziacha, mnazijua. Cheo nilikuwa nacho kimoja tu, cha Mama Kompyuta, nilichopewa na wateja bila barua.

Niliingia kwenye kituo chetu cha intaneti nikiwa mpiga chapa niliyekosa mashine ya kuchapia. Kituo kilikuwa chumba kimoja kando ya barabara kuu hapa Same, kompyuta nne, kila moja imefunikwa kitambaa cha kufuma kwa sababu ya vumbi. Upepo wetu mnaujua. Aliyenipokea ni Mwalimu Eliamini, mzee wa Ugweno aliyewahi kufundisha ufundi wa redio, mrefu, miwani yake imefungwa waya upande mmoja. Aliniketisha mbele ya kompyuta akaniambia nibonyeze popote ninapotaka. Nilikaa mikono mapajani karibu robo saa, jasho linanitoka.

"Mbona hubonyezi?"

"Naogopa nitaharibu, Mwalimu."

Alivua miwani akaifuta kwa shati. "Basi utafaa. Wawili waliokutangulia hawakuogopa kitu, na wote nimewarudisha kwao."

Siku hiyohiyo alinipa kanuni ambayo na mimi nimewapigia kelele nayo mpaka mkanichoka. Mteja haoni unachokiona wewe. Ama hajui kusoma, ama miwani ameisahau nyumbani, ama Kiingereza kimempita kushoto. Kwa hiyo msomee kila kilichoandikwa kwenye kioo cha kompyuta, kwa sauti, kabla kidole hakijashuka. Nilisoma kwa sauti miaka yote ya kazi. Nilisoma mpaka wajukuu zangu wakawa wanasema bibi anaongea na ukuta. Ikumbukeni kanuni hiyo, maana ndiyo iliyokaribia kuniangamiza.

Simu janja zilipoenea nilidhani tutafunga mlango. Kumbe kazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Huduma ni ileile, jina lilelile, alama ileile, lakini kwenye tovuti ina sura yake na kwenye aplikesheni ya simu ina sura nyingine, na mteja aliyezoea sura moja anaamini anaijua na ya pili. Hapo ndipo watu walipoanza kuumia. Mwalimu alinunua kaunta buku nene, akafungua kurasa mbili zinazotazamana. Juu ya ukurasa wa kushoto akaandika TOVUTI, wa kulia akaandika SIMU.

"Kila huduma wanayoitumia watu wa hapa, ifungue pande zote mbili," aliniambia. "Zikitofautiana hata kwa neno moja, andika. Usimwamini jirani kwa sababu unamjua kaka yake."

Daftari hilo ndilo lililokuwa jembe langu. Niliandika kwamba tovuti zinakuonyesha kila kitu mpaka kichwa kinauma, na aplikesheni zinaficha nusu ya mambo nyuma ya vistari vitatu pembeni. Niliandika kwamba aplikesheni hazikutoi kwenye akaunti mpaka uombe, ndiyo maana mtu aliyezoea simu yake huinuka kwenye kompyuta yetu akaenda zake, na nyuma yake barua pepe zake zote zimebaki wazi kama mlango wa kanisa. Mara ngapi nimerudi kutoka njiani, mkoba begani, kuhakikisha nimemtoa mtu kwenye akaunti yake? Mume wangu alizoea kuendelea na safari peke yake.

Kisa cha katibu wa kikundi cha tangawizi cha kule Mamba, milimani, mnakijua, ila wengine wenu mnakisimulia vibaya. Mtu yule hakufuta barua pepe ya mnunuzi. Alikuwa anajaribu kuisoma kwenye simu, kidole chake kigumu cha jembe kikateleza pembeni, barua ikaondoka. Kwenye tovuti kuondoa barua ni lazima uichague, ubonyeze, uulizwe kama una hakika. Kwenye simu kuteleza tu kunatosha. Alifika kaunta ametota jasho, wanakikundi wenzake wanasubiri majibu kule juu, naye ameshajiandaa kuitwa mwizi. Tulifungua upande wa kompyuta tukaikuta imekaa kwenye kabati ambalo simu haikuwahi kumwonyesha. Alituletea tangawizi nusu gunia. Chai ya mwezi ule ilitutoa machozi sote.

Lingine ni neno Ghairi. Kwenye tovuti moja ya maombi ya kazi, Ghairi ilikuwa na maana ya kuacha ulichokuwa unabadilisha ukarudi nyuma. Kwenye aplikesheni yao, Ghairi ilifuta ombi zima. Ni Kiswahili safi pande zote mbili, hakuna wa kulaumu. Niliigundua kwa ombi la majaribio lenye jina langu mwenyewe, lakini siku hiyo sikula. Nilihesabu ni watu wangapi nimewahi kuwaambia kwa simu, kwa uhakika kabisa, "bonyeza Ghairi tu, urudi nyuma."

Mwalimu alipofariki tulimzika kwao Ugweno, kati ya migomba na kahawa. Nilibaki na daftari na hofu yake ikaongezeka juu ya yangu. Wengi wenu mmeniona nikigusa kingo za kaunta mara mbili kabla ya kubonyeza Tuma. Mlidhani naomba. Nilikuwa naomba kweli.

Sasa nafika kwa Nakunda, na hapa naomba msome polepole.

Alikuwa na miaka sita, wa Vudee, kijiji cha juu mlimani, na aliletwa kituoni mgongoni mwa mama yake, umri ambao mtoto anapaswa kuwa anamkimbia mama yake. Alizaliwa na tundu kwenye moyo. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau, na aliposhushwa chini alitembea hatua saba au nane kisha akachuchumaa, mikono imekumbatia magoti, akisubiri pumzi imrudie. Alichuchumaa hivyo mbele ya kaunta yangu akaniangalia bila aibu. Mama yake alikuwa mwanamke mwembamba anayeanza sentensi na kuziacha njiani.

"Shikamoo, mama. Daktari wa hapa Same amesema... hawa wageni wa moyo... amesema nisikose."

Alinipa karatasi. Madaktari bingwa wa moyo walikuwa wanakuja kwa wiki moja tu kwenye hospitali kubwa ya rufaa, ambayo siitaji jina. Siku ya kwanza ingekuwa ya kuwapima watoto na kuchagua, na watakaofaa wangepasuliwa wiki hiyohiyo. Nafasi zilikuwa chache na za kuomba kwa mtandao, ama kupitia tovuti ya hospitali ama aplikesheni yake. Atakayekosa atasubiri wageni warudi, na lini watarudi hakuna aliyejua.

"Daktari anasema anaweza kusubiri?" nilimwuliza.

Alimtazama mtoto aliyechuchumaa. "Anasema tusijaribu."

Niliomba kupitia tovuti, kwenye kompyuta, nikisoma kila kiboksi kwa sauti. Simu ya mama yule ilikuwa kitochi, isiyo na intaneti, kwa hiyo niliweka namba yangu. Jibu likaja kwamba ombi limepokelewa na muda atapangiwa baadaye. Akarudi Vudee. Siku mbili baadaye wachimba mitaro ya barabara walikata waya wetu, kituo kikakosa mtandao kabisa.

Mama Nakunda aliposhuka kuuliza majibu, nilikuwa na simu yangu tu na bando la kubana. Nilijaribu tovuti ya hospitali kwenye simu, kiduara kikazunguka, kikazunguka, bando likawa linaliwa bure. Aplikesheni yao ilifunguka mara moja. Tena ilinikaribisha kwa Kiswahili, wakati tovuti ilikuwa Kiingereza kitupu. Nakiri kwamba Kiswahili kile kilinilegeza. Mbele ya Kiingereza nasimama wima kama niko mahakamani. Kiswahili kiliponisemesha nilivua viatu nikaingia ndani.

Nikasoma kwa sauti kama nilivyofundishwa. "Nakunda. Kliniki ya moyo. Alhamisi. Saa nane."

Kwenye kioo iliandikwa hivi: Saa 8:00. Tarakimu nane na sifuri mbili.

"Saa nane mchana," nikamwambia mama yake. Hilo neno mchana halikuwepo popote. Niliongeza mimi, kwa sababu nimezaliwa hapa, nimekulia hapa, na saa nane ya hapa ni baada ya chakula.

Uso wake ulifunguka. "Basi ni nzuri, mama. Mjini sina pa kulala. Tutashuka alfajiri na gari la kwanza, saa tano tuko pale."

Nilimwandikia kwenye kikaratasi kwa mkono wangu, akanifanya nimsomee tena, nikamsomea tena. Kisha nikajaza daftari ukurasa wa kulia. Wa kushoto niliuacha mtupu, mtandao ukirudi nitajaza. Sikuwahi kuacha ukurasa mtupu kabla ya siku hiyo.

Jumatano, siku moja kabla, nilikuwa ndio nafungua kituo, saa mbili asubuhi, simu ikalia mfukoni. Ilikuwa aplikesheni ya hospitali. Ilisema: Kumbusho, zimebaki saa 24. Nikalifuta kwa kidole, nikafungua dirisha, nikafunua kompyuta. Waya ulikuwa umeunganishwa usiku na wateja wa siku nne walikuwa wamepanga mstari mlangoni.

Mchana nilikaa nyuma ya kaunta na bakuli la makande. Kijiko cha tatu kilisimama njiani. Saa ishirini na nne. Ilisema hivyo saa mbili asubuhi. Nilihesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza, nikahesabu tena kwa mkono wa pili. Kutoka saa mbili asubuhi ya leo, saa ishirini na nne haziishii saa nane mchana. Zinaishia saa mbili asubuhi ya kesho.

Nililiacha bakuli nikaenda kwenye kompyuta. Tovuti ikafunguka. 8:00 AM. Nane ya asubuhi ya Wazungu, ambayo kwetu ni saa mbili. Waliotengeneza aplikesheni waliichukua nane ile, wakaivika neno Saa mbele, wakazitupa zile herufi mbili za nyuma, wakaona wamekwisha kutafsiri. Niliposema mchana, nilikuwa nimempokonya mtoto saa sita za maisha yake, na huenda na maisha yenyewe.

Nilipiga simu hospitali, ikaita mpaka ikachoka. Nilipiga kitochi cha Mama Nakunda, nikaambiwa namba ninayopiga haipatikani kwa sasa. Gari la Vudee lilikuwa limeshapanda asubuhi. Ilikuwa karibu saa saba na nusu.

Sasa, mnanijua. Mimi ni mtu wa Same ya chini. Naogopa kompyuta, naogopa mbwa, na kuliko vyote naogopa ile barabara ya mlimani, ambayo upande mmoja ni ukuta na upande wa pili hakuna kitu. Nilikuwa sijawahi kupanda pikipiki kwenda juu. Nilimwendea Baba Elia, yule dereva wa bodaboda mwenye mvi anayekaa mkabala na kituo, nikamwambia Vudee, kwenda na kurudi, na atafute mwenzake wa kutufuata maana kurudi tutakuwa watatu.

"Jana mvua imenyesha huko juu, mama," akasema. "Wewe mwenyewe hata kwenye baiskeli hupandi."

"Washa kabla sijabadili mawazo."

Nilifumba macho kwenye kona ya kwanza nikayafumbua tulipokuwa tunateleza. Tope lilikuwa jekundu na laini, tairi la nyuma likawa linaenda kwake na sisi tunaenda kwetu. Nilimshika Baba Elia kiunoni hata akaniomba nimwachie apumue. Mahali pamoja nilishuka nikatembea, nimegusa ukuta wa mlima kwa kiganja, na katika kutembea huko nilikuwa nasema peke yangu, kwa sauti, saa mbili, saa mbili, saa mbili asubuhi. Kuanguka kuliniogopesha. Kilichoniogopesha zaidi ni kufika juu na kukuta hawapo, wameenda shamba, wameenda kwa ndugu, na mimi nimesimama uani kwa mtu na habari isiyo na wa kuipokea.

Walikuwepo. Mama Nakunda alikuwa anaanika gauni la mtoto, la safari ya kesho. Nakunda alikuwa amekaa kizingitini anachambua maharage, akiyapanga makundi kwa rangi. Nilishuka nikasema bila salamu, jambo ambalo kwa umri wangu ni aibu.

"Nilikosea. Ni saa mbili asubuhi. Si nane mchana. Nilisoma vibaya."

Alisimama na gauni mkononi, maji yanadondoka. "Lakini ulisoma kwa sauti, mama. Nilikusikia."

Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Alimwita mtoto, akamvika lile gauni bichi hivyohivyo, akamzungushia kanga mbili juu yake, akafunga mlango. Haikuchukua muda wa kuchemsha chai. Wakati tunashuka nilikuwa nyuma ya Baba Elia, na wao mbele na dereva wa pili, nikaona kichwa cha Nakunda kimelala begani kwa mama yake na macho yake yananitazama kila kona. Safari hiyo sikufumba macho hata mara moja.

Tulipata basi jioni ile na tukalala kwa binamu yangu karibu na hospitali. Ningeweza kurudi nyumbani, kazi yangu ilikuwa imekwisha. Lakini sikuamini tena kazi yangu, nikaona nikae mpaka nimwone anaitwa.

Asubuhi tulikuwa kwenye benchi la kliniki kabla ya saa moja. Saa mbili kamili muuguzi alitoka na orodha akaanza kuita. Nakunda alikuwa wa tatu. Mama yake akasema "Yupo" kwa sauti iliyokuwa nzima. Jina la tano halikuitikiwa. Muuguzi aliita mara ya pili, mara ya tatu, "Furaha, mtoto Furaha," akatazama mlangoni, akapiga mstari. Akageuza karatasi akasoma jina kutoka orodha ya akiba, na mwanamke mmoja aliyekuwa amekaa chini pembeni, bila benchi, aliinuka haraka mpaka akaangusha chupa yake ya uji. Nilimfurahia. Ni lazima niandike kwamba nilimfurahia.

Nakunda alipimwa, akachaguliwa, akapangiwa kupasuliwa Jumamosi. Mama yake alibaki wodini naye. Mimi nilitoka nje kukaa kwenye benchi, sikuwa na pa kukimbilia, mwili wote unauma kwa pikipiki. Nilikuwa nimetulia kwa mara ya kwanza tangu kijiko kile kisimame.

Kwenye saa saba hivi alikuja mwanamume mmoja amevaa koti la ibada, na amebeba mtoto wa kike wa miaka kama minne, gauni jeupe, soksi nyeupe zenye lesi, nywele zimepakwa mafuta zikang'aa. Alimketisha mtoto kwa uangalifu, akakunja kitambaa akamfuta vumbi la safari kwenye viatu. Midomo ya mtoto ilikuwa zambarau.

"Shikamoo, mama," akaniamkia. Lafudhi yake ilikuwa ya Ugweno, ya Mwalimu wangu kabisa.

"Marahaba."

"Samahani, hapa ndipo kwa madaktari wa moyo?"

"Ndipo."

Akashusha pumzi, akatabasamu. "Basi tumewahi. Tulitoka na giza, nilihofia magari. Furaha wangu amepangiwa saa nane."

Akanionyesha simu. Aplikesheni ileile. Saa 8:00.

Nitasema ukweli. Nilitaka kuinuka nikaenda zangu. Nilitazama geti nikapima umbali wake. Nilikuwa nimepanda mlima kwa ajili ya mtoto mmoja, na hapa kuna wa pili, ambaye hakuna mtu aliyempandia mlima. Nikajikaza.

"Baba Furaha," nikamwambia, "hiyo nane si yetu."

Hakuelewa. Aliitazama simu, akanitazama mimi. "Nane ya nani, basi?"

Nilimshika mkono tukaenda dirishani. Nilimweleza muuguzi kila kitu, nikamwonyesha simu yake yule baba na tovuti kwenye simu yangu, moja huku na nyingine huku, kama kurasa za daftari. Muuguzi aliisoma moja, kisha akaisoma nyingine. "Hata mimi ningekuja saa nane," akasema taratibu. Akaingia ndani, akakaa, akarudi. Nafasi ilishajazwa, na madaktari walikuwa tayari wana watoto wa wiki nzima. Angemweka Furaha wa kwanza kwa safari ijayo ya wageni. Lini, hajui.

Baba yule aliitikia kila sentensi kwa heshima. Kisha akarudi kwenye benchi akamvua mtoto viatu, akavifunga kwenye kitambaa. Alinipa namba yake nikaiandika kwenye ukurasa wa daftari, nililokuwa nimekuja nalo mkobani, pale katikati panapokutana kushoto na kulia.

Nakunda yuko darasa la tatu sasa. Mama yake anasema kazi yake kubwa ni kumshusha kwenye mpera. Niliandika barua hospitali nikaambatisha picha za pande zote mbili, na baada ya muda aplikesheni ilibadilishwa, sasa inasema Saa 2:00 asubuhi, unaweza kuifungua ukaona. Watu walinipongeza. Nilijisikia vizuri kwa alasiri moja.

Nilimpigia Baba Furaha mwezi uliofuata. "Tunasubiri, mama. Anaendelea tu." Nikapiga tena baada ya miezi kadhaa, akasema vilevile, ila kwa maneno machache zaidi. Mara ya tatu alipokea mwanamke, na nyuma yake kulikuwa na watu wengi wanaimba. Ilikuwa Jumapili. Watu wa Ugweno wanaimba kwa mambo mengi: kwa kipaimara, kwa shukrani, kwa mgeni. Mwanamke yule alisema "Haloo" mara mbili. Nami niliyekuwa nasoma kila kitu kwa sauti sikutoa neno. Nikakata kabla ya kumwuliza habari za Furaha.

Sijapiga tena. Kila nilipotaka, mteja alikuja, na mkiniona nimeinua simu kisha nikaishusha mlidhani ni bando.

Daftari nimewaachia kwenye droo ya kaunta. Mtakuta ukurasa mmoja umechanwa, msitafute, uko hapa mezani kwangu. Kila mkisomea mtu saa yoyote kutoka kwenye kioo chochote, mwulizeni huyo aliyeiandika swali la Baba Furaha, na asipokuwepo fungueni upande wa pili mpaka mpate jibu. Hofu ilinipandisha Vudee, nayo hofu hiyohiyo ilikata simu, na nimeshindwa kujua ni ipi kati ya hizo mbili ndiyo mimi.

Nimestaafu sasa, sina kaunta ya kujificha nyuma yake. Namba ile naiona hapa, mwandiko wangu, wino umeanza kufifia. Leo saa nane mchana, nane yetu, nitapiga, na safari hii nitauliza.